Namba ya Plombe Yenye Tarakimu Zote Kumi

Andikeni namba hii mahali, ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye meza niliyoiacha: 4 071 853 269. Ni bilioni nne na ushee. Kabla hamjauliza ni ya nini, itazameni kwanza. Sifuri imo, moja imo, mbili imo, mpaka tisa. Kila tarakimu imekuja mara moja tu, hakuna iliyorudi wala iliyokosa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kufunga plombe, namba ya namna hiyo ilinipitia mkononi mara moja, na nusura impeleke gerezani mtu asiye na kosa. Wa kulaumiwa ni mimi, si namba.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Ngalula wa mtaa wa Makomeno. Wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nimezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Nilisoma hesabu miaka miwili Kasapa, upande wa chuo. Nasema upande wa chuo kwa sababu gereza nalo liko huko huko, na hapa mjini ukisema fulani yuko Kasapa, watu wanashusha sauti kwanza. Masomo yalikatika, nikapata kazi katika nyumba moja ya usafirishaji kwenye barabara ya Kasumbalesa, ile inayokwenda mpakani na Zambia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lori linapakia mabamba ya shaba, milango inafungwa, kisha mimi ninaweka plombe. Kwenye vitabu wanaiita lakiri: kamba ya chuma yenye kichwa cha plastiki, na kichwani namba ya tarakimu kumi. Ikishafungwa haifunguki mpaka ikatwe. Ninaandika namba yake kwenye karatasi ya safari, ninatia sahihi, lori linaondoka. Mpakani wanalinganisha karatasi na plombe. Zikilingana, lori linapita. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, wanaelewa kwamba kuna mtu aliikata njiani, akachota mzigo, akafunga nyingine. Na mtu huyo, kwa macho ya kila mkaguzi, ni dereva.

Ni kazi ya kushuku, sitawadanganya. Nilimshuku mpakiaji aliyevaa koti siku ya joto. Nilimshuku mlinzi aliyenisalimia kwa furaha kupita kiasi. Wote tuliacha simu zetu kwenye geti kila asubuhi, kwa sababu nyumba nayo ilitushuku sisi. Nyumbani walinichoka: nikiletewa namba ya simu kwenye kikaratasi, nilijumlisha tarakimu zake kabla ya kuuliza ni ya nani. Mume wangu alisema siku moja nitampiga yeye kwa tisa nione kinachobaki.

Kupiga tisa nilifundishwa na Papa Ilunga, aliyekaa kwenye meza ile kabla yangu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sikuwahi kumwona akiamini kitu chochote siku ya kwanza. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nikimwangalia dereva usoni nione kama ni mtu mwema.

"Ngalula," akaniambia, "unatafuta nini ku uso ya muntu? Plombe iko kule nyuma."

Kisha akanionyesha. Unajumlisha tarakimu zote za namba. Jumla ikiwa kubwa unaijumlisha tena, mpaka ibaki tarakimu moja. Hiyo ndiyo baki ya namba yote ukiigawanya kwa tisa, na ukipata tisa yenyewe ujue hakuna baki. Wale waliosoma kwa mapadri wanaikumbuka: preuve par neuf. Sababu yake ni nyepesi. Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila nafasi, hata iwe ya bilioni, inaacha moja, kwa hiyo tarakimu inayokaa pale inabaki vile ilivyo. Ukitaka kujua mabilioni yana baki gani, jumlisha tu zile tarakimu kama mtoto wa darasa la pili.

Nilikuwa ninapiga tisa mbele ya lori, ninapiga tisa tena mezani. Nikipata baki mbili tofauti, najua nimenakili vibaya. Tatu ikigeuka nane kwa sababu ya vumbi, jumla inaruka kwa tano na ninaikamata. Iliniokoa mara nyingi sana, na nadhani hapo ndipo kiburi kilipoanzia.

Maana Papa Ilunga alinionya. Alichukua kalamu akaandika 85, chini yake akaandika 58.

"Piga neuf."

Nikapiga. Zote mbili zilitoa kumi na tatu, yaani nne.

"Sasa unaona. Ukipindua chiffres mbili, neuf haione kitu. Utasema c'est bon, na haiko bon."

Ndiyo akanifundisha kumi na moja. Hapa msikilize vizuri, kwa sababu wengi wenu mnaijua nusu. Kumi ni kumi na moja kasoro moja. Mia ni tisini na tisa na moja, na tisini na tisa ni kumi na moja mara tisa. Elfu ni elfu moja na moja kasoro moja, na elfu moja na moja ni kumi na moja mara tisini na moja. Umeona inavyokwenda? Nafasi moja inaacha moja, inayofuata inakosa moja, kwa zamu mpaka mwisho. Kwa hiyo unaanza upande wa kulia: unajumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa. Kisha unajumlisha zile zilizorukwa. Unatoa ndogo kwenye kubwa. Ukipata sifuri, au kumi na moja, au ishirini na mbili na kuendelea, namba yote inagawanyika kwa kumi na moja. Na ukipindua tarakimu mbili jirani zisizo sawa, hesabu hii inaharibika papo hapo.

Halafu akafunga mlango, kweli aliufunga, akaniambia siri ya nyumba. Plombe zetu hazikutengenezwa kwa kufuatana moja moja. Kila moja ilizidi ile ya kabla yake kwa kumi na moja. Hakuna plombe yetu, hata moja, isiyogawanyika kwa kumi na moja. Anayetengeneza ya uongo bila kujua siri hiyo, akitaja namba yoyote, atabahatika mara moja katika kumi na moja. Waliojua walikuwa watatu: Papa Ilunga, Chef, yaani mkuu wa ofisi yetu, na sasa mimi. Chef alijua kwamba siri ipo, ila kuipiga hesabu hakuweza. Madereva hawakutakiwa kusikia kabisa, maana dereva akijua, wanasema, atajua pia plombe gani ya uongo ya kuagiza.

Kabla hamjadhani nilikuwa hodari tangu mwanzo, mwezi wangu wa pili nilizuia lori kutoka asubuhi mpaka saa sita mchana. Nilipiga kumi na moja, tofauti ikatoka ishirini na mbili. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshika sifuri na kumi na moja tu. Nikapiga kelele kwamba plombe ni ya uongo, mlinzi akaja mbio, malori ya nyuma yakaanza honi mfululizo. Papa Ilunga alikuja polepole, akasoma karatasi yangu.

"Ngalula, vingt-deux iko mutoto ya nani?"

"Ya onze, Papa."

"Na unafunga chauffeur ju ya nini?"

Madereva walinicheka wiki nzima bila kujua hasa wanacheka nini.

Siku hizi mna kile kimashine kinachosoma mistari myeusi na kulia piip. Ni kizuri, kina haraka. Lakini kinasoma mistari, hakisomi namba iliyochapwa chini yake, na mimi bado ningependa kujua nani alihakikisha kwamba mistari na namba ni ndugu. Mkuu wenu mpya akasirike kama anataka.

Sasa niwaambie ya ile namba. Papa Ilunga alikuwa amekwisha kustaafu. Nilikuwa peke yangu mezani, imebaki miezi minane nami nistaafu. Ilikuwa lundi, yaani jumatatu, asubuhi, malori yamepangwa, kila mtu ana haraka. Kwa ajili ya haraka hiyo, kumi na moja nilikuwa nimeibakiza kwa maboksi mapya ya plombe tu. Mezani nilipiga tisa, basi. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo nikiwa na wasiwasi, mwaka wa pili wasiwasi ukaisha.

Lori lililofuata lilikuwa la Kambale. Wazazi wake ni watu wa Butembo, Kivu ya Kaskazini, na ukoo wake uko katika biashara ya kusafirisha mizigo. Mtu mkimya, mwenye shati safi, hakuwahi kulalamika hata akingoja nusu siku. Mimi dereva asiyelalamika nilimshuku zaidi kuliko wanaopiga kelele. Nilikuwa nikijiuliza ana nini cha kuwa mtulivu hivyo.

Nikatoa plombe kwenye boksi, nikaifunga mlangoni, nikasoma namba. Nikacheka peke yangu. Tarakimu zote kumi, kila moja mara moja! Nilisimama nikaitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule barabarani.

"Mama, naona unacheka na plombe yangu," Kambale akasema. "Iko na nini?"

"Haiko mambo yako. Panda camion."

Ningemsomea tu, angeikumbuka. Lakini dereva hafundishwi namba, ndivyo nilivyofundishwa. Nikaiandika kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, kama kawaida yangu, nikarudi mezani, nikainakili kwenye karatasi ya safari. Kiganja kilikuwa na jasho, au jicho langu liliruka, sijui. Niliandika 4 071 583 269. Nane na tano zilibadilishana nafasi.

Kisha nikahakiki. Hapa ndipo ninapoona uchungu hadi leo, kwa sababu nilihakiki kweli. Nilitazama kama tarakimu zote kumi zimo, zilikuwemo. Jumla yake ni arobaini na tano, nne na tano ni tisa, hakuna baki. Nikaandika "vérifié", yaani imehakikiwa, nikatia sahihi, nikanawa mikono.

Mjinga mimi. Namba yenye tarakimu zote kumi, kila moja mara moja, jumla yake ni arobaini na tano hata uipange vipi. Kuna namna milioni tatu, laki mbili, sitini na tano elfu, mia tisa na ishirini za kuzipanga bila kuanza na sifuri, na zote, kila moja, zinagawanyika kwa tisa. Ningeandika yoyote kati ya hizo milioni tatu, tisa ingeniambia ni sawa. Nilichagua mlinzi anayeruhusu kila mtu, kisha nikajisifu kwamba geti langu lina mlinzi.

Kesho yake, mardi asubuhi, simu ya Chef ikalia. Lori limezuiwa mpakani, plombe hailingani na karatasi, Kambale amekamatwa na analetwa kituo kimoja cha polisi cha mjini. Mzigo haukufunguliwa, kwa sababu kuufungua kabla kesi haijaandikwa ni kosa lingine. Chef alisimama katikati ya ofisi.

"Ngalula, ile karatasi uliiangalia?"

"Niliiangalia, Chef."

"Bon. Karatasi iko sawa, donc chauffeur njo mwizi. Balimutengenezea plombe ya kufanana, babadilishe chiffres mbili, macho ipite tu."

Nami nikakubali, tena kwa moyo mweupe. Niliona wazi kwa nini Kambale alikuwa mtulivu siku zote. Nikakumbuka alivyouliza plombe ina nini, na swali lile sasa likawa ushahidi kichwani mwangu.

Saa nane mchana, Chef akiwa ametoka, nilichukua nakala ya karatasi ya safari ili niandike ripoti. Mkono wenyewe ukaanza kupiga kumi na moja, sijui ni Papa Ilunga aliyeniingia. Kutoka kulia: tisa, mbili, nane, moja, sifuri, ni ishirini. Zilizorukwa: sita, tatu, tano, saba, nne, ni ishirini na tano. Tofauti ni tano.

Nilirudia. Tano. Namba niliyoandika haigawanyiki kwa kumi na moja. Plombe yenye namba hiyo haijawahi kutengenezwa kwa ajili yetu. Sikuweza kuifunga mlangoni, kwa sababu haikuwahi kuwepo. Nikapiga ile waliyoikuta kwenye lori: tisa, mbili, tano, moja, sifuri, ni kumi na saba; sita, tatu, nane, saba, nne, ni ishirini na nane. Tofauti ni kumi na moja kamili. Nikatafuta karatasi ya lori lililotangulia: inaishia na 258. Lililofuata: 280. Katikati yao, kwa hatua ya kumi na moja kila upande, inakaa 269 ya Kambale. Ukitoa namba yangu kwenye ya kweli unapata laki mbili na elfu sabini, ambayo ni tisa mara elfu thelathini, alama ile ile inayoachwa na tarakimu mbili zilizopinduliwa.

Kambale hakugusa kitu. Nilijua mardi, saa nane na robo mchana.

Sasa, vijana, nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu mpaka baadaye. Sikusema. Nilikunja zile karatasi nikaziweka kwenye mkoba, nikaenda nyumbani. Nilijiambia kwamba mtu wa kazi yangu hakubali haraka. Labda dereva aliijua siri. Labda mtengenezaji alikosea hatua. Kesho yake, mercredi, siku nzima nilikaa nikigawanya ile namba ya uongo kwa kila kitu, nikitafuta kosa la mtu mwingine. Nilitumia njia ya elfu moja na moja, ambayo ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu: unakata namba vipande vya tarakimu tatu kutoka kulia, unaongeza kimoja, unatoa kinachofuata. 269 toa 583, ongeza 71, toa 4. Nikapata 247 chini ya sifuri. Saba haiingii, kumi na moja haiingii. Kumi na tatu inaingia mara kumi na tisa. Nikafurahi kijinga kabisa: inagawanyika kwa kumi na tatu, kuna kitu hapa! Hapakuwa na kitu. Namba moja katika kila kumi na tatu inagawanyika kwa kumi na tatu, na hiyo nilijua tangu nina miaka kumi na miwili.

Nilikuwa na hofu, ndiyo ilikuwa sababu. Miezi minane tu imebaki, na karatasi ina neno "vérifié" kwa mwandiko wangu.

Mercredi hiyo hiyo, kwenye saa kumi, Kavira, mke wa Kambale, alikuja nyumbani kwangu Makomeno. Alikuwa ameuliza njia mpaka akafika. Hakutaka kukaa.

"Mama, banasema weye njo uliandika ile karatasi."

"Njo miye."

"Kambale haiko mwizi. Weye unamujua, Mama. Banasema vendredi banamupeleka Kasapa."

Nilikuwa na ukweli kwenye mkoba, hatua tatu kutoka aliposimama. Nikamwambia: "Tunaangalia, mama. Rudia nyumbani." Akanishukuru. Alinishukuru, jamani! Niliona aibu, na hata sasa ninapoandika ninaiona.

Jeudi asubuhi, siku moja kabla ya hiyo vendredi, nikaingia kwa Chef na kufunga mlango. Nikamweleza kumi na moja polepole, mara mbili. Alielewa mwisho wake tu.

"Donc ni weye ulipindua."

"Ni miye, Chef."

Yeye anakaa mtaa wa Golf, nyumba kubwa, wakubwa ni jirani zake, na nilimwona akihesabu ataelezaje. "Ngalula, ngoja kidogo. Batamuachilia tu, habana na preuve. Ukiandika vile, utaenda kwako bila kitu. Na siri ya plombe itatoka inje."

"Vendredi banamupeleka Kasapa, Chef."

"Miye sikusikia kitu," akasema, akageukia dirisha.

Nikaenda kituoni kwa miguu yangu na karatasi zangu. Commandant wa pale alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, anayeshuku kuliko mimi, na kwa hilo nilimheshimu mara moja. Nilipiga hesabu mbele yake. Akasikiliza, akakuna kidevu.

"Mama, ile onze yako inaweza kuwa hadithi ya kuokoa chauffeur. Nani ananiambia ni kweli?"

"Muko na plombe zetu za zamani, zile mulikata?"

Alikuwa na katoni nzima chini ya meza, za kesi za zamani. Nikamwambia achague mwenyewe, anisomee namba, mimi nigeuke ukutani. Akasoma ya kwanza. Inaingia. Ya pili, inaingia. Ya tatu, ya nne, ya tano, zote. Ya sita nikapiga, nikapiga tena.

"Hii haiko plombe yetu."

Commandant akacheka mpaka kiti kikalia. "Ni telefone ya bibi yangu."

Basi akaandika. Nikatia sahihi kwamba kosa ni langu, mwandiko ni wangu, na plombe iliyokutwa kwenye lori ndiyo niliyoifunga kwa mikono yangu. Lori likafunguliwa mbele ya mashahidi mpakani mchana ule, mabamba yakahesabiwa, hakuna lililopungua.

Kambale alitoka saa tisa. Shati lake halikuwa safi tena. Kavira alimshika mkono, akaanza kunishukuru, nami nikamzuia. Nikaokota kijiti, nikachora namba zote mbili kwenye vumbi nje ya kituo, nikamwonyesha Kambale kila kitu: tisa, kumi na moja, hatua za plombe. Siri ya nyumba nikaitoa pale mbele ya wapita njia. Niliona kwamba tuliwaficha watu wale wale wanaofungwa kwa ajili yake. Alichuchumaa, akatazama, akauliza maswali mawili mazuri kuliko ya Chef. Kisha akanyanyua macho.

"Mama, weye ulijua siku gani?"

Kwenye karatasi ya Commandant nilikuwa nimeandikisha kwamba nimegundua asubuhi ile. Ningeweza kumjibu hivyo, na hakuna mtu duniani angenikamata.

"Mardi," nikasema. "Saa nane, kisha midi."

"Leo ni jeudi."

"Ndiyo."

Akamshika mkewe, wakaenda.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya lawama, na Chef hakunisalimia mpaka nilipoondoka. Nami niliwafundisha madereva wote kumi na moja, mmoja mmoja, kwenye tairi, kwenye boneti, popote pa kuandikia. Wengi waliijaribu siku mbili tatu kwa mchezo, kisha wakaanza kunifanyia uvivu: "Mama Ngalula ameandika, iko sawa."

Kambale hapana. Kila safari alisoma plombe yake mwenyewe, akaja mezani, akachukua karatasi yangu, akapiga kumi na moja kwa kalamu yake, mbele yangu, malori ya nyuma yakipiga honi. Alinisalimia kwa heshima, "Bonjour, Mama," kisha akahesabu. Kwa miezi minane sikukosea hata mara moja, na hata mara moja hakuacha kuhesabu. Siku yangu ya mwisho kazini, wenzangu wakiwa wameleta keki na maua, lori lake ndilo lilikuwa la mwisho kwenye mstari. Nilimpa karatasi, nikatumaini kwamba leo, kwa sababu ya siku yenyewe, ataikunja tu na kupanda. Aliweka kalamu chini ya tarakimu ya kwanza kulia, akahesabu mpaka mwisho. Kisha akarudia.